Bolti Ndani ya Bakuli la Harusi

Jumamosi, 7 Juni

Na bado nasema hapana, gari halijafa. Limechoka tu, kama yeyote aliyefanya kazi miaka na miaka bila kuambiwa ahsante.

Mume wangu anasema ni giaboksi. (Mume wangu! Nitaacha lini kufurahi nikiliandika?) Asubuhi tulitoka vizuri, tumependeza, tukafika pale kona ya duka la viatu – akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likabaki pale pale. Kama mtu anayeitika “nakuja” huku hanyanyuki kitini. Akarudisha gia, akaweka tena. Hakuna. Gari la otomatiki likigoma huna hata klachi ya kubembeleza.

Tukasukuma mpaka nyumbani. Yaani alisukuma yeye na wapita njia wawili, mimi nimeshika usukani. Nikimtazama kwenye kioo namwona anatiririka jasho na ananichekea. Nani mwingine hapa duniani anasukuma gari huku anamchekea mkewe?

Lakini nilipoingia ndani nililia kidogo. Si kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya Mama. Alivunjika nyonga majuma machache kabla ya harusi, akakosa kuniona nikiolewa. Mume wangu anamjua kwa sauti ya simu tu. Basi hawezi kupanda, daktari amekataza, lakini kwenye kiti cha gari kilicholazwa, na mito, anaweza. Mama Mdogo anayemuuguza anarudi kwake mwezi huu ukiisha. Baada ya hapo Mama abaki na nani? Na zile ngazi za nyumba yake?

Mpango wetu ulikuwa mtamu sana. Twende kimya kimya, tupige honi mlangoni, tumchukue aje kukaa nasi. Hajui lolote. Sapraizi!

Jioni tulikwenda kwa Fundi Subiri. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, maana kila ukimwuliza jambo anaanza na neno hilo. Karakana imejaa magari hadi mlangoni, hana pa kuweka letu mpaka mwezi ujao. Ila akasema, tukimletea giaboksi peke yake, bila gari, ataifungulia mezani mwezi huu huu.

Mume wangu akanitazama. Seremala huyu! Mtu wa milango na makabati!

“Tutaishusha sisi,” akasema.

Alisema *sisi*. Nimeolewa na nani mimi jamani.

Jumapili, 8 Juni

Fundi Subiri amekuja kutazama pale tunapoegesha, kati ya dirisha la jikoni na ukuta wa mwenye nyumba. Akapiga saruji kwa kisigino. Imelala sawa, akasema, nayo ni nene. Ingekuwa udongo angetukatalia.

Akatueleza taratibu, mikono nyuma. Betri ichomolewe kwanza. Matairi yawekewe vizuizi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia – gari likishapanda likae juu ya stendi, ndipo mtu aingie. Injini nayo itegemezwe kwa chini, maana giaboksi ikitoka itainama kama mzee aliyenyang'anywa mkongojo. Na asiingie mtu chini akiwa peke yake. Hilo alilirudia. Kisha akamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, nami nikasikia:

“Ile kitu ina uzito wa mtu mzima, na haijui kwamba wewe una mke.”

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima.

Mume wangu ametunga sheria yetu. Yeye akiwa chini, mimi nakaa kwenye kigoda miguuni pake. Kila mara namwuliza, “Upo?” Anajibu, “Nipo.” Asipojibu naita mtaa mzima. Tumefanya mazoezi kitandani, ye amejifunika shuka. Tulicheka hadi Mama Mwenye Nyumba akagonga sakafu huko juu.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nimekuta gauni langu la kazini limeshapigwa pasi. Tangu tuoane tunaviziana kwa wema: namfutia viatu vyake na kuvificha, ananichemshia maji kabla sijaamka, kila mmoja anaiba kazi ya mwenziwe. Dukani wenzangu wanasema itaisha. Wivu!

Kila jioni anakata mbao. Ametengeneza magogo mafupi ya kupanga kwa kupishana, ili hata stendi zikitutoroka gari litue juu ya mti. Na leo amemaliza kijitanda cha kuipokea giaboksi juu ya jeki – kina kingo, kimewekwa godoro la gunia, kina mkanda wa kufungia.

Mama Mwenye Nyumba kakiona toka roshani. Akashuka mbio mbio, akanikumbatia, akaniuliza nina miezi mingapi. Nilipomwambia ni kitanda cha giaboksi alinitazama tumbo, akatazama gari, akapanda zake juu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku kubwa! Mikono yangu inanuka oili na sitaki kuiosha.

Waya za betri, zimetoka. Vizuizi, viko. Akalinyanyua gari kidogo kidogo, upande huu, upande ule, stendi nne za Fundi Subiri, magogo kando yake. Kisha akalisukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote, yeye akiwa nje. Halikutikisika. “Kama lina mpango wa kuanguka,” akasema, “lianguke sasa tukilitazama.” Hapo tu ndipo akalala chini.

“Upo?” “Nipo.”

Oili ya gia ikamwagika kwenye beseni, nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kumbe ilipaswa kuwa nyekundu! Maskini gari letu, lilikuwa linaungua ndani kwa ndani na sisi tunaimba juu yake.

Kisha ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Lazima ipigwe alama kabla ya kufunguliwa, irudi vile vile ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. Chaki ilifutika. Nikakimbia chumbani, nikarudi na rangi ya kucha – ile nyekundu ya harusi! Akapiga mstari mmoja, nusu kwenye shafti, nusu pale inapokamatia. Mahari nyingine hii, nikamwambia. Kicheko kikatoka chini ya gari.

“Upo?” “Nipo, bibie. Lete soketi ndogo.”

Kazi ngumu ilikuwa konveta. Ni duara zito kama mkate wa chuma, limekaa kati ya injini na giaboksi, na bolti zake zimejificha. Kuna kidirisha kidogo tu. Mimi nageuza injini kwa spana huku mbele, polepole, mpaka bolti moja ichungulie kidirishani, yeye anaifungua, nageuza tena. Kama kucheza muziki bila kuonana! Fundi Subiri alituonya: ukisahau bolti hizo, utavuta giaboksi mpaka jioni na haitatoka.

Kila bolti inayotoka haitupi kopoani kama mafundi wengine. Ametoboa matundu kwenye kibao, ameyapanga kwa umbo la giaboksi ilivyo, na kila bolti anaichomeka mahali pake. Juu kushoto, juu kulia, ya pembeni. Ni kama picha. Nimempenda upya.

Zimebaki mbili za mwisho zinazoishikilia. Giza lilikuwa linakaribia, akasema mtu aliyechoka hashushi kitu kizito. Jeki imekaa chini yake, kijitanda kimeipakata. Kesho ana mlango wa mteja, basi tutamalizia katikati ya wiki, tukiwa wawili.

Jumapili, 15 Juni

Yuko kwa mteja. Nyumba tupu bila yeye, hata saa ya ukutani inasikika imenuna. Nikasema nisikae bure. Zamu yangu ya kuvizia!

Nimetoa bolti zote kwenye kile kibao. Zilikuwa chafu mno, zimeganda grisi na matope ya miaka. Nikaziloweka kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikazisugua moja moja kwa mswaki mkuukuu, nikazikausha kwa taulo. Zinang'aa kama pete! Kisha nimezipanga kwa ukubwa kama ninavyopanga vifungo dukani, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, ndani ya bakuli la kioo la harusi. Kibao nacho nimekisugua hadi kimekuwa cheupe. Nimeviweka mezani na ua juu.

Baadaye. Amerudi. Alisimama mbele ya lile bakuli muda. Akasema, “Zinang'aa kweli.” Akanibusu paji la uso. Akasema ahsante, mke wangu, umehangaika.

Alikula kidogo. Uchovu tu, anasema.

Jumatatu, 16 Juni

Laiti ningelala tu jana.

Nikitoka kazini nilipita karakana kumwambia Fundi Subiri tumebakiza bolti mbili. Akaniuliza, ni nani aliyeziosha zile nyingine. Nikajibu kwa maringo kwamba ni mimi. Akaweka spana chini. Mume wangu alikuwa amepita asubuhi kumwomba ushauri, hakunitaja, alisema tu zimeoshwa zikachanganyika.

Kumbe za giaboksi hazilingani urefu, na kwa kutazama kichwa huwezi kujua. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, ukikaza inapasua mwili wa giaboksi. Fupi ikiingia mahali pa ndefu inakula nyuzi na kufunguka njiani. Njiani! Mama yumo ndani, amelazwa kwenye mito!

Nilikuwa nimepanga vifungo. Na yeye ameniambia ahsante.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi asisikie. Amesikia. Ameniuliza nina nini, nikasema kichwa. Alinikandakanda kichwa kisichouma mpaka nikazidi kulia.

Jumanne, 17 Juni

Naandika dukani, nyuma ya marobota ya zipu.

Alfajiri niligeuka kitandani, upande wake umepoa. Nikafikiri anapiga pasi. Jikoni hakuna mtu. Nikachungulia dirishani – viatu vyake. Vimetokeza chini ya gari, visigino vimekazwa kwenye saruji, havichezi.

Nikatoka na kanga tu, miguu mitupu.

“Upo?”

Kimya. Nilitaka kuita mtaa, sikukumbuka jina la jirani yeyote.

“Upo?”

“Nipo.” Sauti nyembamba, kama ya mtu aliyebeba kabati ngazini. “Usishtuke. Njoo kwenye jeki, upande wangu wa kulia.”

Alikuwa ametoa zile bolti mbili peke yake. Ule mkanda wa kijitanda hufungwa na watu wawili, mmoja kila upande, na yeye hakuufunga. Giaboksi ikateleza, ikainama, ikamwangukia mikononi. Alikuwa ameishikilia kwa viganja na kifua, hawezi kuisogeza, hawezi kuiachia. Sijui kwa muda gani. Hakuita, asije akaniamsha kwa hofu.

Akaniambia nipandishe jeki. Polepole, akasema, kama siku ile ya konveta. Nikabonyeza mpini. Kidogo. Tena kidogo. Nikasikia chuma kinatua kwenye mbao. Akaniambia nipitishe mkanda chini, nikapitisha, nikavuta upande wangu, akavuta upande wake. Hapo ndipo akapumua. Kisha tukaishusha, yeye anaongoza, mimi nafungua jeki kidogo kidogo, kama unene wa unywele, mpaka ikalala chini na kijitanda chake. Hata pale hakusahau kupiga kipande cha mbao mdomoni mwa giaboksi, konveta isichomoke imwangukie mguu.

Akajivuta nje. Ana mchubuko mrefu kifuani, viganja vimevimba. Akatabasamu!

“Nilitaka uamke uikute imeshuka. Jana ulilia, nikasema nikufurahishe.”

Sijawahi kumpigia kelele binadamu hivyo. Nilimwambia mimi si mtoto wa kufurahishwa kwa maiti. Nilimwambia haya na mengine. Nikamwambia amenidanganya kuhusu bolti, ameniambia zinang'aa. Akasema, lakini kweli zinang'aa. Nikampiga begani na ile kanga, kisha nikamshika na sikumwachia.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa roshani muda wote, mikono kichwani. Alishuka na barafu kwenye mfuko. Hakutania.

Jumatano, 18 Juni

Tumezungumza. Siyo yale maneno matamu ya kitandani, mazungumzo yenyewe hasa.

Alisema alipoona bakuli alijua pale pale kilichoharibika, lakini nilikuwa nimesimama pale na ua, angeanzaje. Nikamwambia aanze na neno “mke wangu” halafu aendelee. Nami nikamwambia nilishajua tangu Jumatatu, na nilikuwa nimepanga kuamka usiku nizijaribishe bolti kimya kimya, moja moja, kumfurahisha. Akanitazama. Nikamtazama. Tukaanza kucheka kwa uchungu, yeye ameshika kifua, anasema usinichekeshe.

Kwa hiyo sheria mpya. Gauni apige pasi kimya kimya akitaka. Viatu nitaficha. Lakini chochote chenye uzito, mtu atamwambia mwenziwe kwanza.

Nampenda zaidi ya wiki iliyopita. Ila ni mapenzi mengine kidogo. Yale ya mwanzo hayakuwa na viganja vilivyovimba.

Ijumaa, 20 Juni

Tumepata njia! Yaani tumeipata pamoja, nusu yake nusu yangu.

Amechonga vijiti vyembamba. Kila tundu la injini tunaingiza kijiti mpaka kigote chini, tunaweka alama ya kucha – ya rangi, siyo ya kidole. Kisha mimi napima unene wa sikio la giaboksi linalokaa hapo, pale bolti inapopita, kwa futi ya dukani. Tunajumlisha. Bolti inayofaa ni ile inayoingia vizuri bila kugota. Ninaona tofauti ya urefu kabla hajaleta futi. Miaka ya vifungo haikupotea bure. Akasema jicho langu ni bora kuliko rula yake. Kwa seremala hilo ni tamko la ndoa.

Kila bolti inayopata tundu inarudi kwenye kibao. Bakuli linapungua.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeipeleka giaboksi kwa mkokoteni, imefungwa kwenye kijitanda, imefunikwa kwa shuka. Watu njiani wanatupisha kwa heshima, wengine wanatupa pole. Mzee mmoja kavua kofia. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, uso mkavu, nami nikafa kwa kucheka nyuma yake.

Fundi Subiri akaifungua mbele yetu. Sahani za ndani zimeungua, mipira imekauka, lakini mwili mzima, haujapasuka popote. Inapona. Nikamwuliza itakuwa tayari lini. Akafuta mikono kwa kitambaa, akavuta pumzi, nikajua neno linalokuja, likaja. Baada yake akasema huenda Alhamisi, kama vipuri vitafika. Kuirudisha garini ni kazi ya siku nzima, na atakuja mwenyewe kusimama nasi.

Alhamisi. Halafu siku ya kuifunga. Halafu safari. Mama Mdogo anaondoka tarehe thelathini.

Akakitazama kile kibao cha bolti tulichokuja nacho. Akakigeuza. Akasema kimepangwa vizuri, ila tundu moja la juu, upande wa kulia, hana uhakika nalo.

Jumapili, 22 Juni

Zimebaki bolti mbili bakulini kwa ajili ya tundu lile moja. Moja ni ya kitu kingine, labda ya stata, ile mota ya kuwashia injini. Zinakaribiana sana. Tumepima asubuhi yote. Yeye anasema hii, mimi nasema ile. Hatugombani. Kila mmoja anampa mwenziwe ajaribu tena.

Mama akapiga simu. Akaniuliza habari za nyumbani, nikaanza kusema nzuri, nzuri tu, kama kawaida. Nikasita. Chochote chenye uzito.

Nikamweleza yote. Honi tuliyotaka kupiga mlangoni kwake. Gari lilivyogoma. Giaboksi iko kwa fundi, gari liko juu ya magogo, mkwe wake ana mchubuko kifuani, kuna bolti moja hatujui mahali pake, na sitamweka ndani ya gari lile mpaka tujue.

Nilisikia tu mkongojo ukigusa sakafu.

“Mama, upo?”

“Nipo.”

Akasema alijua tangu juma lililopita kwamba kuna jambo, maana nilikuwa nacheka sana. Akasema yeye sapraizi hataki. Kuna gauni alilishona kwa ajili ya harusi yangu, limening'inia nyuma ya mlango, na kulivaa na nyonga hii kunachukua muda. Tumwambie siku, alivae, atusubiri amekaa barazani. Na kama gari halijapona, twende kwa basi, tukae naye, tupange upya. Kwanza anataka kuiona sura ya huyo mtu aliyekuwa chini ya gari.

Kisha akaomba kuzungumza na mume wangu. Mikono yake ilikuwa na oili hadi viwikoni, kwa hiyo nimemshikia simu sikioni. Alisimama wima kama yuko mbele yake, bolti moja mkono huu, ya pili mkono ule.

“Shikamoo, Mama. Ndiyo, Mama. Hapana, haiumi sana.” Akanitazama. Nikamkubalia kwa kichwa. “Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika. Kwa gari au kwa basi, tutakuja. Siku yenyewe tutakwambia.”